Muadhini Hajui Nani Kaamka

Leo ninaanza na kelele. Fundi wetu wa mitambo amenipa sekunde kumi, hazidi, maana anaogopa mtu aliye njiani atahama stesheni akidhani tumeharibikiwa. Haya, hizo hapo.

Umesikia? Ni kama filimbi kumi na sita zimefungiwa ndani ya debe na kila moja inataka kutoka kwanza. Sasa nikwambie: ndani ya sekunde zile kumi mlikuwa na maneno yapatayo ishirini. Maneno ya kusoma, yenye herufi, nukta na mkato. Kama simu yako ilikuwa karibu na redio, na ina programu ya kuisimbua kelele ile, basi maneno yamekwisha kujiandika kwenye kioo. Hukuhitaji bando wala laini.

Mimi nilikutana nayo mara ya kwanza mwaka 2014, Tanga, Jumamosi moja saa moja usiku. Nilikuwa barazani kwa mama, na redio ya betri nne aliyoiacha marehemu baba, na laptopu ya kuazima. Sauti ya Amerika wakati ule ilikuwa na kipindi cha nusu saa kilichoitwa VOA Radiogram. Kilianza Machi 2013, na mwenyewe aliyekibuni na kukiendesha, Kim Andrew Elliott, kazi yake pale VOA ilikuwa utafiti wa wasikilizaji. Kilirushwa kutoka Greenville, jimbo la North Carolina, kwa mitambo ile ile iliyokuwa ikipeleka taarifa za habari ng'ambo, na moja ya marudio yake ya mwisho wa wiki liliangukia saa moja usiku kwetu. Bwana Elliott alisema maneno machache kwa Kiingereza, akanyamaza, kisha ikaanza.

Nikaisogeza laptopu hadi karibu na spika ya redio. Sikuviunganisha kwa waya. Sauti ilitoka kwenye spika, ikapita hewani barazani kiasi cha shubiri moja, ikaingia kwenye maikrofoni ya laptopu. Herufi zikaanza kutoka moja moja, kama mtu anapiga taipu chumba cha pili. Ilikuwa habari ya sayansi, Kiingereza safi. Ikapita bodaboda barabarani, na kwa muda wa bodaboda kupita, kioo kikajaa mabano na alama za mshangao. Ikapita, habari ikaendelea palepale ilipokuwa.

Mama akatoka ndani na kanga yake mabegani. "Hiyo redio imekufa?"

"Haijafa mama, inaandika."

Akainama kuangalia. "Nani anakuandikia?"

"Wamarekani."

"Wamejuaje kama uko hapa?"

"Hawajui."

Akasimama kidogo akiitazama ile laptopu, akasema, "Basi ni kama adhana. Muadhini hajui nani kaamka." Akarudi ndani kuangalia wali wake.

Tangu siku ile nimesoma maelezo mengi ya wahandisi juu ya jambo hili, na sijaona lililoshinda hilo. Ukifungua ukurasa wa intaneti, wewe ndiye unayekwenda kuuomba. Simu yako inapiga hodi, inataja anwani yake, mnara unaandika, kampuni inaandika, na yule mwenye ukurasa anaandika pia. Kwa redio hupigi hodi kwa mtu. Maandishi yanapita juu ya paa lako hata kama umelala, na ukiyachukua, hakuna kitakachopungua wala kuandikwa popote. Tumelizoea hili kwa sauti hata hatulioni. Kwa maandishi na picha, watu wengi hawajui kabisa kwamba linawezekana.

Tuingie sasa kwenye ule mlio wenyewe. Jina lake ni MFSK32, na ukoo wake ulianzia mwaka 2000, pale Murray Greenman wa New Zealand na Nino Porcino wa Italia, wote wawili watu wa redio za ridhaa, walipotengeneza MFSK16. Una noti kumi na sita. Kwa wakati mmoja inapigwa noti moja tu, na noti hubadilika mara 31 na robo kila sekunde. Kompyuta haina haja ya kujua mlio una nguvu kiasi gani. Inauliza swali moja: katika noti kumi na sita, hii ni ya ngapi? Hilo swali linajibika hata pale ambapo sauti ya mtangazaji imezama kiasi kwamba huwezi kujua kama ni mwanamume au mwanamke.

Na masafa mafupi huzamisha sauti kweli. Mawimbi haya, ya megahezi 3 hadi 30, hayaendi moja kwa moja kama ya FM. Yanapanda angani, yanakutana na tabaka ambalo jua limelitia umeme, kilomita mia moja hadi mia nne hivi juu yetu, yanapinda na kurudi chini, yanadunda baharini au ardhini, yanapanda tena. Kwa hiyo wimbi moja linakufikia kwa njia mbili tatu, na njia hizo hazifiki pamoja. Zikikutana kwa kupatana, sauti inapanda. Zikikutana kwa kugombana, zinafutana. Sisi wa karibu na ikweta tuna na balaa letu la pekee. Jua likishazama, lile tabaka la juu huchafuka, likawa na mapovu kama maji yanayoanza kuchemka. Ndiyo maana redio ya baba zetu, saa moja na saa mbili usiku, mtangazaji alikuwa akitetemeka kama mtu anayezungumza mbele ya feni. Tulidhani ni betri.

Sasa MFSK inafanya ujanja wa msusi wa mkeka. Herufi haipelekwi nzima kwa mkupuo. Inavunjwa vipande, vipande vinaongezewa nakala za kusahihishia, kisha vinasukwa na vya herufi nyingine na kutawanywa. Wimbi likizama kwa nukta ya sekunde, kinachopotea ni kipande kidogo cha herufi nyingi, na kila herufi inabaki na vya kutosha kujijenga upya. Ukili ukikatika mahali, mkeka haufumuki, na ua lililosukwa juu yake bado unalijua ni lipi. Ndiyo maana pia herufi huchelewa kidogo kutokea kwenye kioo: msusi anasubiri vipande vyake vyote vifike.

Picha haina kinga hiyo, na mimi naipenda zaidi kwa sababu hiyo. Katikati ya maandishi utaona mstari mdogo unaosema Pic, na vipimo vya picha, kisha mlio unabadilika, unakuwa kama mbu anayepanda na kushuka. Kila doa la picha ni noti: weupe una noti yake, weusi noti yake, na katikati ngazi zote. Kila mstari unapitiwa mara tatu, nyekundu, kijani, buluu. Picha isiyozidi ukubwa wa stempu tatu nne za barua inachukua dakika mbili hivi kushuka, na unaitazama ikishuka, mstari kwa mstari, kama pazia linalofunguliwa kutoka juu. Radi ikipiga popote njiani, inaacha mkwaruzo kwenye picha yako. Ile bodaboda ikipita, nayo inajichora. Na kama saa ya kompyuta yako haiendi sawa kabisa na ya mtumaji, picha yote inalala upande kama mnazi wa ufukweni. Nina picha moja ya jioni ile ya Tanga ambayo ina mstari mchafu unaokata katikati: huo ni mlango wa jikoni ulipobamizwa. Mama yumo kwenye picha iliyotoka Marekani.

Kuna jambo jingine ambalo sijasikia likizungumzwa kwa Kiswahili, na nitalikalia kidogo. Mwaka 1998 Mwingereza Peter Martinez alitoa mtindo mwingine wa maandishi ya redio, PSK31, mwembamba ajabu, unaokaa katika nafasi ya hezi 31 tu. Ili kuokoa muda aliipa kila herufi urefu wake, kama Morse alivyofanya. Herufi zinazotumika sana akazipa msimbo mfupi, za nadra msimbo mrefu. Haki kabisa. Lakini alizihesabu kwenye maandishi ya Kiingereza. Kwa hiyo e ilipata biti mbili, t ikapata tatu. Herufi a, ambayo kwetu imejaa kila kona, wanawake, walipatana, akasahaulika, ikapewa nne. Herufi k ikapewa nane. Na hapa ndipo penye kichekesho: x, ambayo Kiswahili hakina kabisa, ni biti nane, na z yetu ya mzee, mzigo, kazi na zaka ni biti tisa.

Baada ya kila herufi zinaongezwa biti mbili za kutenganisha. Basi nilikaa na kalamu nikapiga hesabu. Mwingereza akiandika "tea", biti 15, nusu sekunde hivi. Mimi nikiandika "chai", biti 28, karibu sekunde nzima. Kinywaji kile kile. Sisemi alitukusudia, aliandika alichokijua, na kazi yake ni nzuri mno. Nasema tu kwamba hata hewani, ambako tunadhani kila mtu ni sawa, nguo ilikatwa kwa kipimo cha mwili wa mtu mwingine, nasi tunaivaa na mikono inatubana.

Upande wa pili wa shilingi tuna bahati. Kiswahili kinaandikwa kwa herufi za kawaida bila vikorombwezo. Hatuna nukta juu wala mkia chini, tuna ng' na kiapostrofi chake basi. Maandishi yetu yanapita kwenye mtambo wowote ule, hata wa zamani kabisa, bila kupotoshwa. Muulize Mjapani. Yeye ana maelfu ya alama, na ndiyo maana shirika la habari la Kyodo lilichagua njia nyingine kuwafikia wavuvi na mabaharia wao: faksi ya redio. Gazeti lenyewe, ukurasa mzima, linapitishwa mstari kwa mstari kwenye masafa mafupi, na meli inayovua jodari mbali huko Bahari ya Hindi inalichapa kwenye karatasi. Mtu wa redio akiwa na kompyuta anaweza kulinasa gazeti hilo. Hulisomi, kama hujui Kijapani, lakini unaona vichwa vya habari na hata picha ya mtu anayepeana mkono na mwingine.

Na wazo la kutuma maandishi kama picha ni la zamani kuliko tunavyodhani. Mjerumani Rudolf Hell alilisajili mwaka 1929, na mashirika ya habari yakalitumia miaka ya 1930. Mtambo wake haukusema "hii ni m". Uliichora m kwa madoa, upande wa pili ukaichora hivyo hivyo. Nimejaribu mtindo huo, bado upo kwenye programu za leo. Uzuri wake ni huu: mtambo wa kawaida ukikosea, unakuletea herufi nyingine safi kabisa, na hujui kama umedanganywa, mana badala ya mama. Wa Hell ukikosea, herufi inachafuka tu, na jicho lako ndilo linaloamua. Mimi nauamini zaidi mtambo unaokiri kwamba haukusikia vizuri.

Ramani za hali ya hewa nazo zimesafiri kwa faksi ya redio kwa miongo mingi. Nairobi nayo ilikuwamo katika orodha ya dunia ya vituo vya faksi ya hali ya hewa, kwa jina la hewani 5YE. Wajerumani wanatuma maandishi ya hali ya bahari kutoka Pinneberg, karibu na Hamburg, kwa kilohezi 4,583, 7,646 na 10,100.8, kwa mwendo wa polepole wa biti 50 kwa sekunde, mlio unaocheza kati ya noti mbili tu. Ni mwendo ambao watoto wetu wa leo wangeucheka. Nahodha haucheki, kwa sababu anataka kujua upepo wa kesho na hataki kingine.

Palipo na njia ya kupokea bila kujulikana, majasusi hawakosi. Ana Montes alikuwa mchambuzi katika idara ya ujasusi wa kijeshi ya Marekani, huku akiwafanyia kazi Wakuba kwa miaka zaidi ya kumi na tano. Maagizo yake yalikuja kwa redio ya masafa mafupi aina ya Sony: sauti ikisoma tarakimu kwa Kihispania, tarakimu tano tano. Alizipiga kwenye laptopu ya Toshiba, laptopu ikazigeuza maneno. Alikamatwa Septemba 2001. Maofisa wa FBI waliikuta ile redio na ile laptopu walipoingia nyumbani kwake kwa siri miezi michache kabla. Hewani hapakuwa na cha kumtaja. Tangazo lile lingeweza kusikilizwa na muuza samaki wa Miami. Miaka ya baadaye kituo cha Kuba kinachojulikana kwa wasikilizaji kama HM01 kimekuwa kikichanganya sauti ya mwanamke na vipande vya data, mlio kama wa debe letu lile la filimbi, na kila mtu anausikia na hakuna aujuaye.

Lakini nisikupeleke mbali. Kwetu, maandishi kwa masafa mafupi hayakuwa mambo ya kijasusi. Wakongo wanaosikiliza kutoka Bukavu na Goma wanajua "foni", ile redio ya mawasiliano iliyokuwa kwenye misheni, kwenye hospitali, kwa mfanyabiashara mwenye ndege ndogo. Sisi Tanzania tunaiita redio koli. Miaka ya 1990, kambi za wakimbizi zilipojaa katika Maziwa Makuu, mashirika ya misaada yalifunga modemu kwenye redio hizo hizo, na barua pepe zikapita juu ya misitu hata kabla ya mnara wa simu wa kwanza kusimama. Modemu ilipiga kelele, ikangoja, upande wa pili ukajibu "sikupata, rudia", ikarudia. Kipande kwa kipande hadi barua ikaisha. Orodha ya dawa ilikuwa na faida kubwa kwenda kwa maandishi kuliko kwa sauti, maana kwenye sauti ya redio "fifteen" na "fifty" za Kiingereza hukaribiana kuliko unavyopenda, na mgonjwa hana nafasi ya kusahihisha.

Leo tuna minara na mkonga, na mtu anaweza kuniambia, bwana wee, unatuuzia taa ya chemli umeme umefika. Ni kweli, umeme umefika. Huwa pia unakatika. Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika kusini huko, na nchi nzima zikakaa zinazungusha duara kwenye kioo. Hiyo ilikuwa ajali. Uganda ilizimiwa intaneti kwa siku kadhaa wakati wa uchaguzi wa Januari 2021. Kongo ilikaa wiki karibu tatu kuanzia Desemba 31, 2018. Tanzania ilikuwa Oktoba 2025, unakumbuka ulivyokuwa unaishika simu yako kama tofali. Elliott na wenzake walikuwa wanafikiria siku kama hizo. Walichokuwa wanajaribu ni swali rahisi: je, mtambo wa kawaida wa redio, ambao tayari upo, na redio ya kawaida ya mkulima, ambayo tayari ipo, vinaweza kufikisha maandishi na picha? Jibu ni ndiyo. Matangazo yale yalipita kwenye wimbi la kawaida la AM, kwa hiyo redio yoyote yenye masafa mafupi iliweza. Faksi na hali ya hewa ya Pinneberg zinataka redio yenye kitufe cha SSB, ambayo ni ghali zaidi. Hili la AM halikutaka kitu.

Sikufichi mapungufu. Ni njia ya upande mmoja, huwezi kujibu. Ni ya polepole: picha unayomtumia shangazi kwa kufumba na kufumbua, huku ni dakika mbili na inafika na mikwaruzo. Asiyependa habari yako anaweza kuifunika kwa kelele yake, na serikali zimefanya hivyo tangu enzi za vita baridi. Na adui mkubwa kuliko serikali, mjini, ni taa za LED za bei poa na chaja za simu. Hizo zinaunguruma kwenye masafa mafupi kuliko mtambo wowote. Ukijaribu kusikiliza ndani ya nyumba ya Kariakoo utasikia chaja za jirani zako wote.

Kuna na wale waliokwenda mbali zaidi kiufundi. Joe Taylor, Mmarekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1993, aliungana na mwenzake Steve Franke, na mwaka 2017 wakatoa FT8. Kila ujumbe sekunde 15 hivi, na kompyuta inaunasa hata pale nguvu yake ikiwa sehemu moja ya mia ya kelele iliyouzunguka. Watu wa redio za ridhaa wamehamia huko kwa makundi. Naustaajabia, ila sina hamu nao. Ukiusoma, ni "upo?", "nipo", "nakusikia hivi", "kwaheri". Hodi zinapigwa usiku kucha na hakuna anayeingia akakaa.

Kinachonisumbua ni kwamba wakati programu zimekuwa za bure na kila kijana ana kompyuta mfukoni, mitambo ndiyo inayozimwa. Januari 2011 BBC ilitangaza kwamba inaacha masafa mafupi kwa Kiswahili. Elliott alistaafu 2017, akaendelea mwenyewe na kipindi chake kwa jina Shortwave Radiogram, akipita kwenye vituo binafsi kama WRMI cha Florida. Machi 2025 wafanyakazi wa Sauti ya Amerika waliambiwa wakae nyumbani, na masafa yaliyobeba sauti tulizokulia nazo yakabaki na mvumo mtupu. Kila mtambo ukishang'olewa shaba yake inauzwa kwa kilo, na hakuna anayeujenga tena.

Nyumbani tulikuwa na sauti yetu. Zanzibar imesikika kwa miaka mingi kwenye kilohezi 11,735, kutoka Dole, na mashabiki wa Ufini na Japani wanaosikiliza kwa raha zao wameutunza mlio wa taarab yake kama watu wanavyotunza stempu. Wimbi la kilohezi hizo usiku huwaruka majirani: linapanda Unguja linaanguka mbali, Mskati, Kisangani, mwambao wa juu wa Somalia, katikati ya bahari. Mchana, jua likiwa kali, hata sisi wa karibu huambulia. Mimi naona hiyo si kasoro. Walio mbali ndio hasa wanaohitaji kuandikiwa.

Ndiyo maana leo nimekuja na ombi, na nalipeleka kwa wenye funguo za mtambo wowote wa masafa mafupi unaosema Kiswahili. Baada ya taarifa ya habari ya usiku, tupeni dakika tatu za kelele. Mtangazaji aseme "tegeni simu zenu", kisha fundi acheze faili moja la sauti, ambalo kijana yeyote anaweza kuliandaa kwa Fldigi, programu isiyouzwa. Ndani yake wekeni vichwa vya habari, na upepo na mawimbi kutoka Lamu hadi Ngazija, na kama ni bamvua au maji mafu. Hamhitaji mtambo mpya, wala mtu mpya wa kuajiri. Kwa MFSK32 dakika tatu ni maneno 360 ya Kiingereza. Kwa kuwa maneno yetu ni marefu na msimbo haukukatwa kwa kipimo chetu, tuseme 250. Yanatosha.